Kujisemea maneno mema: je, kunasaidia?

Kujisemea ni nini hasa?
Ni kurudia kwa makusudi maneno ya kujijenga mpaka akili iyazoee. Aliyeeneza mbinu hii ni Émile Coué, mfamasia Mfaransa aliyefariki mjini Nancy mwaka 1926. Aliwafundisha watu kufumba macho wakiwa kitandani, asubuhi na usiku, na kusema kwa sauti ya kujisikia wenyewe: "Kila siku, kwa kila hali, nazidi kuwa bora." Mara 20, wakihesabu kwa kamba yenye mafundo 20.

Basi nirudie tu, nitabadilika?
Inategemea unajiambia nini, na hapa ndipo wauzaji wa hamasa hunyamaza. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake nchini Kanada walichapisha utafiti ambamo watu walirudia sentensi ya kudai kwamba wao ni wa kupendwa. Waliojithamini tangu mwanzo walipata nafuu kidogo. Waliojidharau, yaani wale wale wanaohitaji msaada, walijisikia vibaya zaidi. Mtu akijiambia asichokiamini, kichwa humletea orodha ya kasoro zake.

Sasa niseme nini?
Sema lenye ushahidi. Unasubiri kuitwa kwenye usaili, viganja vinatoka jasho. "Siogopi chochote" ni uongo na mwili wako unaujua. Jaribu: "Nina hofu, lakini kazi hii naijua. Nitaanza kwa kujibu swali la kwanza polepole." Pia jiite kwa jina, kama unavyomtuliza rafiki: "Asha, vuta pumzi." Mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba waliojisemesha kwa majina yao kabla ya kuhutubia walipungukiwa na wasiwasi kuliko waliotumia "mimi".

Mbona nikijiambia "lala" usingizi ndio unaruka?
Kwa sababu unajilazimisha. Coué mwenyewe alilisema hilo. Acha kuamuru, sema tu "napumzika", kisha usifuatilie.

Naweza kuacha dawa?
Hapana. Hata Coué hakuwaambia watu wawaache madaktari wao. Maneno yanaweza kupunguza wasiwasi na kukupa moyo wa kufuata matibabu, lakini hayachukui nafasi ya insulini wala ya dawa za shinikizo la damu. Na kama huzuni imekukaa wiki mbili au zaidi, hulali, huli, au unawaza kujidhuru, usibaki ukijisemea peke yako. Mwambie mtu unayemwamini, na nenda kituo cha afya leo hii.