Kanda za Memphis: ule mchakacho hakuutia mtu

Jamani, tuliongee hili liishe. Kuna shabiki kaniletea faili la kanda ya rapu ya Memphis ya miaka ya tisini niinyooshe sauti, na chini yake kaweka sharti: nisiguse ule mchakacho, kwa kuwa "ndio usanii wenyewe, waliuweka makusudi ili kutisha". Si wa kwanza. Imani hiyo nimeikuta kwa vijana waliozaliwa kaseti imeshakufa, kwa maprodyuza wa phonk (muziki wa siku hizi unaoiga kanda hizi) wanaonunua plagini, yaani programu ndogo, za kuchafua sauti, na hata kwa watu wazima waliokua na redio kaseti sebuleni ambao hawana kisingizio.

Hakuna aliyeuweka. Ile "shhhh" ni ya kaseti. Ingekuwemo hata kama wangerekodi kwaya.

Wageni niwapitishe haraka. Tunazungumzia rapu ya andagraundi ya Memphis, Tennessee, tangu mwisho wa miaka ya themanini hadi katikati ya tisini: DJ Spanish Fly, DJ Squeeky, DJ Zirk, DJ Paul na Juicy J, Tommy Wright III na wenzao. Kanda zilirekodiwa nyumbani, zikauzwa mkononi na kwenye maduka ya redio za magari, mistari ikiwa imejaa makaburi, mauaji na jehanamu. Houston walikuwa na Geto Boys na Ganksta N-I-P, Detroit walikuwa na Esham, New York wakaja na Gravediggaz mwaka 1994. Ila Memphis ndiyo iliyoacha rundo la kaseti zisizo na mwenyewe, na mashabiki duniani kote wanazisaka, wanazibadilishana na kuzigombania mpaka leo. Mimi ni mmoja wa wale wanaoletewa faili ili kujua nini kinaokoleka.

Suala la ushetani silipi nafasi kubwa. Ni hadithi za kutisha zilizotiwa vina. Three 6 Mafia, kundi la akina DJ Paul na Juicy J, hao hao waliokuwa wakiitwa watoto wa Ibilisi, walichukua Oscar ya wimbo bora mwaka 2006. Wanaotaka kuona hofu ya namna hiyo inafikia wapi watazame mashabiki wa Insane Clown Posse, kundi la rapu la Detroit: mwaka 2011 ripoti ya Marekani kuhusu magenge, ile ya FBI, iliwaorodhesha kama genge. Walifungua kesi mwaka 2014, Septemba 2017 wakaandamana Washington nyuso zimepakwa rangi, na Desemba mwaka huo huo mahakama ya rufaa ikaitupilia mbali kesi yao. Basi, tuendelee na kaseti.

Utepe wa kaseti una upana wa milimita 3.81. Rekoda ya treki nne ya nyumbani inaugawa upana huo kwa njia nne, zote zikielekea upande mmoja, kwa hiyo kila njia haifiki hata milimita moja. Njia ikiwa nyembamba, sumaku ni chache, na sumaku zikiwa chache kelele inapanda. Sasa mtayarishaji ana treki nne tu, naye anataka ngoma, besi, kinanda, sampuli ya sinema (kipande cha sauti kilichokatwa humo) na marapa watano. Anafanya nini? Anajaza tatu, anazikusanya kwenye ya nne, anafuta zile tatu, anaanza upya. Kila mkusanyo unabeba kelele ya zote zilizotangulia. Hapo wimbo haujatoka hata mlangoni.

Kisha inatengenezwa kanda mama, na kanda mama inanakiliwa kwenye deki ya kaseti mbili, mara nyingi kwa kasi maradufu ili kazi iishe. Mnunuzi anamnakilia binamu yake, naye binamu anamnakilia jirani. Kelele mbili za kiwango kimoja zikikutana unaongeza desibeli 3. Zikifika nne unaongeza 6. Wakati huo huo sauti za juu zinakatika, kwa sababu hedi (kichwa kinachosoma utepe) ya deki moja haijakaa pembe sawasawa na hedi ya deki nyingine. Kosa dogo kabisa la pembe, lisiloonekana kwa macho, linatosha kuzima matoazi. Na huyo binamu alikuwa amewasha Dolby, ule mfumo wa deki wa kupunguza mchakacho, au ameizima? Kanda iliyorekodiwa na Dolby ikachezwa bila Dolby inakuwa kali na yenye kelele. Ukigeuza, inakuwa kama marapa wanachana ndani ya kabati la nguo. Ya dbx, mfumo mwingine wa kazi hiyo hiyo, ikichezwa bila dbx, kelele inapumua: inapanda kila muziki unapotulia na kuzama ngoma ikipiga. Mashabiki wengi wanaipenda sana hiyo pumzi. Wanasema ni "roho ya kanda". Ni swichi.

Baadaye ikaja zamu ya MP3 ndogondogo za enzi ya intaneti ya kusuasua. Mchakacho hauna mpangilio, na kisichokuwa na mpangilio ndicho kinachoishinda MP3 kukibana, basi programu inamalizia nafasi yake yote kwenye kelele huku sauti ya mtu ikigeuka majimaji. Nusu ya "giza la Memphis" mnalolisifia ni hilo.

Ushahidi wangu mkubwa ni wenyewe wenye muziki. "Tear da Club Up" ilikuwamo kwenye albamu ya Three 6 Mafia, Mystic Stylez, ya mwaka 1995. Mwaka 1997, walipokuwa na lebo yenye fedha, Three 6 Mafia waliirudia kwa ajili ya albamu ya Chapter 2: World Domination, na sauti imenyooka. Mtu anayeuthamini uchafu haufui siku anayopata sabuni.

Hofu iko kwenye utunzi. Noti tatu au nne za minori zinazozunguka bila kupata pa kutua. Kile kinanda cha sinema ya Halloween ya mwaka 1978, kilichokatwa na kupachikwa juu ya ngoma ya 808, ile mashine ya ngoma. Lord Infamous wa Three 6 Mafia akigawa mistari kwa mafungu ya silabi tatutatu, kama mtu anayesoma dua kinyumenyume. Koopsta Knicca, mwenzake kundini, akinong'ona karibu na maikrofoni mpaka unamsikia akimeza mate. Nimeshasafisha kanda za aina hiyo hadi mchakacho ukabaki kidogo sana, na zikatisha zaidi, kwa sababu sasa mnong'ono unaufuata neno kwa neno. Mwanzoni ulikuwa unatishwa na upepo.

Sasa niende kwenye linaloniumiza kichwa kweli, ambalo hakuna anayelalamikia: kasi.

Deki nyingi za nyumbani hazikuzunguka kwa kasi iliyoandikwa kwenye karatasi. Mkanda wa mpira ukichoka, kanda inakokota. Ikirekodiwa kwenye deki inayokimbia na kuchezwa kwenye inayokokota, wimbo unashuka, na rapa wa kike anasikika kama kaka yake. Kwa kuwa kule Houston DJ Screw alikuwa akipunguza kasi ya nyimbo makusudi, mashabiki wanahitimisha kwamba kila kanda ya Kusini inayokokota imekusudiwa ikokote. Nikiwarudishia kasi sahihi wananiambia nimeiharibu. Wameizoea ile ya kukokota kwa miaka kumi, basi hiyo ndiyo "orijino".

Naijuaje kasi sahihi? Kwa umeme. Umeme wa Marekani hutetemeka mara 60 kwa sekunde, na vifaa vya bei nafuu huuvujisha kwenye rekodi kama mvumo mdogo wa chini. Faili aliloniletea huyu bwana nililifungua kwenye spektramu (picha inayoonyesha sauti kwa mitetemo yake kwa sekunde, yaani Hezi), nikavuta karibu sehemu ya mwanzo kabla ngoma haijaingia. Kuna vilima viwili. Kimoja kimesimama Hezi 50 kamili, hakitikisiki: huo ni umeme wa nyumba ya aliyeigeuza kanda kuwa faili, na yeye hakuwa Marekani. Pembeni kuna kingine cha kama Hezi 57, chenye kuyumba kidogo, na watoto wake, mara mbili na mara tatu yake, kwenye 114 na 171. Huyo ndiye niliyemtaka. Alizaliwa 60 akashushwa hadi 57, maana yake kanda iko chini kwa asilimia tano, karibu nusu toni nzima. Nikaipandisha mpaka kilima kikakaa 60, na yule rapa niliyemdhania mtu mzima akawa kijana wa miaka kumi na kitu, mwenye papara, anayekimbizana na biti.

Inapendeza, sivyo? Vitabu huishia hapo. Ila mvumo wa 60 uliingia lini? Kama uliingia kwenye rekoda ya treki nne, nimerudi studio. Kama uliingia kwenye deki ya binamu, nimerekebisha kosa la baada ya binamu tu, na makosa ya kabla yake yamebaki vilevile. Kuna kanda zenye vilima vitatu karibukaribu, kila kimoja ni kopi na deki yake, na hakuna kinachoniambia kipi ni babu na kipi ni mjukuu. Nikikwama hujaribu kengele ya 808, kwa kuwa ndani ya mashine ile inatengenezwa kwa sauti mbili, moja kama Hezi 540 na nyingine kama 800. Lakini hiyo ni mashine ya analogia, haziko sawa zote. Tena kama kengele ilipitia kwenye sampla (mashine ya kukata na kucheza vipande vya sauti), mtayarishaji aliivuta alikotaka. Sampuli za sinema nazo walizikokotesha wenyewe. Mwisho wa yote nalinganisha sauti ya rapa na toleo la CD kama lipo, halafu naamua kwa sikio, na sikio langu nalo lina mazoea yake. Anayekuambia ana kasi kamili ya kila kanda ya Memphis anakuuzia kitu.

Na kuna uchafu mmoja nisioweza kuukana. Besi ya 808 kwenye kanda nyingi imesukumwa mpaka sindano ya kipimo cha sauti imelala kwenye nyekundu. Kuna sababu ya kawaida: ukirekodi kwa nguvu, mchakacho unafunikwa. Lakini waliisikia ile besi ikipasuka wakaiacha, na naamini waliipenda. Basi ipi ni ya kwao na ipi ni ya deki ya binamu? Zote mbili ni sumaku iliyojazwa kupita kiasi, kwenye spektramu ni mapacha. Kwa hiyo besi siigusi. Na hata mchakacho napunguza tu, sing'oi, kwa sababu programu ya kuondoa kelele ikipewa uhuru inakula mikia ya matoazi na pumzi ya rapa, inaacha vipande vya kioo.

Tena, tukisema kweli, ninachokurudishia ni kitu ambacho huenda hakuna aliyewahi kukisikia. Mwaka 1994 watu waliisikia kopi, ndani ya gari, na spika kubwa nyuma. Kanuni inasema tufuate nia ya msanii. Msanii alijua fika itachezwa ndani ya gari. Hapo sina jibu linaloniridhisha, nalijibu upya kwa kila kanda.

Watu wa phonk msinune. SpaceGhostPurrp wa Florida alipoyarudisha haya mambo mwanzoni mwa miaka ya 2010, alichagua uchafu kwa macho makavu, na waliomfuata vivyo hivyo. Ule ni usanii, halali yao. Ninachokataa ni kuwasingizia wa tisini. Halafu naomba mnieleze ile mipasuko ya santuri mnayoipaka juu ya sauti za Memphis. Kaseti haipasuki. Haina vumbi kwenye mfereji, haina mfereji. Ukitaka kughushi kaseti, ghushi kaseti: yumbisha kasi, zima sauti za juu, achia shhh.

Kwa wanaotaka kuniletea kanda: geuzeni kwa WAV (faili lisilobanwa), si MP3. Safisheni hedi kwanza, kisha chezeni sekunde chache mkizungusha taratibu skrubu ya pembe ya hedi mpaka matoazi yang'ae zaidi. Hiyo peke yake itaokoa mengi kuliko programu yoyote niliyonayo. Dolby izimwe, tutaamua baadaye. Msikate ukimya wa mwanzo na wa mwisho, maana mvumo nautafuta humo. Na yeyote atakayeuondoa mvumo kwanza ili "kunisaidia", akae na faili lake.