Mchoro wa michango ya vigezo: dhana potofu na ukweli

Tuchukue mfano wa kubuni: modeli ya kitakwimu inatabiri kilo za dagaa ambazo boti moja ya Bagamoyo italeta ufukweni alfajiri, kwa kutumia mwanga wa mwezi, kasi ya upepo, idadi ya taa na ukubwa wa wavu. Wastani wa utabiri wake ni kilo 400. Usiku mmoja imetabiri kilo 310, na mchoro wa michango, wenye upau mmoja kwa kila kigezo (yaani kila taarifa ambayo modeli inaitumia) kuonyesha kimeusogeza utabiri kilo ngapi kutoka wastani huo, unaonyesha mwezi −120, upepo −30, taa +45, wavu +15.

Dhana potofu: mwezi umepoteza kilo 120 za dagaa.

Ukweli: upau huo unapimwa kuanzia wastani wa modeli, wala si kuanzia sifuri. Tukilinganisha na siku za mbalamwezi peke yake, upau wa mwezi unaweza kufupika au hata kugeuka upande, ilhali utabiri umebaki 310 vilevile.

Dhana potofu: taa zina upau mrefu, basi mwenye boti aongeze taa.

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mtu anaweza kukopa fedha kwa ajili yake. Boti zenye taa nyingi mara nyingi ndizo zenye wavu mkubwa na mabaharia wengi, na modeli iliyoviona vitu hivyo vikiandamana inaweza kuzipa taa sifa ya wavu. Mchoro unaeleza jinsi modeli ilivyofikia jibu lake. Hauelezi kinachomleta samaki. Anayetaka kujua faida ya taa hana budi kuzipeleka baharini boti zilezile, kwa nyavu zilezile, katika usiku unaofanana, mara kwa taa za kawaida na mara kwa taa za ziada, kisha apime.

Dhana potofu: kila upau ni kazi ya kigezo kimoja tu.

Kanuni inayotumika sana kukokotoa pau hizi ilitolewa mwaka 1953 na Lloyd Shapley, mwanahisabati wa Marekani, aliyetafuta njia ya haki ya kugawa faida ya kundi. Mwaka 2017 Scott Lundberg na Su-In Lee waliieneza katika kufafanua modeli. Kila kigezo huingizwa katika kila mpangilio unaowezekana, ambayo kwa vigezo vinne ni mipangilio 24, kisha michango yake hutolewa wastani. Ikiwa modeli imejifunza kwamba taa hazifai kitu mwezi ukiwa mpevu, athari hiyo ya pamoja hugawanywa kati ya pau mbili, na msomaji haioni popote.

Dhana potofu: pau zikijumlika sawasawa, utabiri ni sahihi.

Zinajumlika kufikia utabiri, si kufikia samaki. Boti ikirudi na kilo 90, pau zitaendelea kutoa 310. Kwa hiyo mchoro usomwe pamoja na daftari la mizani, tarehe kwa tarehe.