Mzazi anapokuwa mbali baada ya talaka: maswali ya vijana na walezi, Moshi na Arusha

Desemba ikikaribia, mabasi ya Moshi yanajaa watu wanaorudi nyumbani Rombo, Marangu, Machame na Kibosho. Kijana ambaye wazazi wake wameachana na baba hapokei simu hupata shida sana mwezi huo. Wenzake wanaongelea safari ya kwa babu, yeye hajui kama huko bado anahesabiwa. Majibu haya ni kwa ajili yake na kwa wanaomlea, iwe talaka ilitolewa mahakamani au wazazi walitengana tu.

Mwanangu yuko kidato cha pili. Baba yake ameacha kumpigia. Mtoto anasema hajali, lakini amekuwa mkali, analalamika tumbo, na shuleni ameshuka. Je, ni ujana tu?

Mama, ujana una hasira zake, lakini hayo yote yakija pamoja baada ya kutengana, chukulia kwamba ana huzuni. Mtu akifariki watu wanakuja kuhani, wanakaa matanga, na mtoto anaruhusiwa kulia. Baba aliye hai hapo Sakina, Arusha, anayeonekana WhatsApp akiwa na familia mpya, nani atakuja kumpa mtoto pole kwa ajili yake? Basi huzuni inatokea kwingine: kichwa, tumbo la asubuhi ya shule, usingizi kupotea, ugomvi na wadogo zake. Mpeleke akapimwe tumbo, usidhani anaigiza. Maumivu anayasikia kweli hata vipimo visipoonyesha kitu.

Kisha zungumza naye. Usimwite sebuleni na kumkalisha kama mshitakiwa. Ongeeni mkiwa na kazi mkononi, mnamenya ndizi za mtori au mnakunja nguo, kwa sababu vijana wengi hufunguka wasipotazamwa usoni. Mwambie hivi: "Najua unamkumbuka baba yako. Ukimkumbuka hujanikosea mimi." Halafu nyamaza. Akijibu "sijali," usimbishie. Siku nyingine mwambie pia kwamba kuachana kwenu hakukutokana naye, wala na ada yake, wala na ile siku alipowasikia mkigombana na hakusema kitu. Watoto hubeba hatia za namna hiyo kwa miaka bila kumwambia mtu, kwa hiyo mara moja haitoshi.

Nina miaka 16, naishi na baba na bibi Ngaramtoni. Mama aliondoka. Sasa anapiga simu, mimi sitaki kuongea naye. Ndugu wanasema mama ni mama, nitapata laana.

Mdogo wangu, pole. Kumkasirikia mzazi aliyekuumiza hakukufanyi kuwa mtoto mbaya, na sikubaliani na wanaokutisha kwa laana. Kusamehe hakupangiwi tarehe na shangazi wala mjomba.

Ila fanya jambo moja ukiwa umetulia. Chukua karatasi, upande mmoja andika uliyoyaona na kuyasikia mwenyewe kuhusu mama yako, upande wa pili andika uliyoambiwa na watu. Mara nyingi kijana hugundua kwamba sehemu ya hasira yake ni ya wakubwa, yeye amebebeshwa tu. Sehemu inayobaki ni yako kweli, na hiyo unaweza kuishughulikia.

Pia huhitaji kuchagua kati ya kumpokea mikono miwili na kumkata kabisa. Ujumbe kama "Nimeona umepiga, sijawa tayari kuongea" unatosha kwa sasa. Kama alikuwa anakupiga au kukudhalilisha, kukaa mbali naye ni kujilinda, na mtu mzima unayemwamini anapaswa kujua: mama mdogo, mwalimu wa malezi, padri, mchungaji au sheikh wako.

Mjukuu wangu anapata kipaimara. Mama yake hataki baba aalikwe.

Shikamoo bibi. Muulizeni mtoto kwanza, akiwa peke yake na mtu asiye na upande. Akitaka baba awepo, baba aje kanisani, na sherehe ya nyumbani ibaki ya upande wa mama. Lakini mtoto aambiwe "amealikwa," asiambiwe "atakuja." Kumsubiri mzazi aliyeahidiwa, huku picha zinapigwa, kunaumiza kuliko kutokuwepo kwake kunakojulikana mapema.

Ni kweli mtoto akifika miaka 7 ni wa baba? Na kama baba hatoi matunzo, naweza kumzuia wasionane?

La kwanza si kweli. Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 akae na mama, ingawa mahakama inaweza kuamua vingine. Haisemi kwamba akishafika 7 anahamia kwa baba. Kinachotangulizwa ni ustawi wa mtoto, na mtoto anayeweza kutoa maoni yake husikilizwa. La pili: Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya matunzo, na pia haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine bila kuathiri masomo. Haki hizo ni za mtoto, kwa hiyo usimlipize kwa kumnyima moja kwa sababu amenyimwa nyingine. Kukiwa na ukatili ni suala tofauti: nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

Matunzo daini kupitia ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri au mahakamani. Tafadhali msimtume mtoto. "Mpigie baba yako mwambie ada haijalipwa" ni maneno yanayoharibu kilichobaki kati yao. Baba akiona namba ya mwanawe anaona deni, anaacha kupokea, na mtoto anaamini yeye ndiye aliyekataliwa.

Ni lini tumpeleke hospitali?

Huzuni ikizidi wiki 2 mfululizo, hali chakula, halali usingizi, haendi shule, amejitenga na rafiki zake au ameanza pombe, anzieni kituo cha afya kilicho karibu, mtapewa rufaa kwenda Mawenzi au KCMC kwa Moshi, Mount Meru kwa Arusha.

Akitaja kufa, au akigawa vitu vyake bila sababu, ni siku hiyohiyo. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Dawa za kunyunyizia kahawa na mboga zitolewe ghalani zifungiwe, na asiachwe peke yake hadi aonwe na mtaalamu. Namba 116 ya simu kwa mtoto ni ya bure, na kijana anaweza kuipiga mwenyewe.