Kwa nini pikipiki ya farasi 12 hupimwa 9 ikiwa Mwanza

Chukua pikipiki ya bodaboda ya cc 150 ambayo kitabu chake kinasema ina nguvu za farasi 12. Ipandishe kwenye dinamomita, mashine ya kupimia nguvu ya injini, hapa Mwanza, na karatasi inaweza kutoka na 9 na kidogo. Mwenye chombo akiona hivyo huanza kumshuku fundi, au huamini ringi za pistoni zimekwisha. Mara nyingi injini ni nzima.

Dinamomita inayotumika sana kwa pikipiki ina pipa zito la chuma linalozunguka. Gurudumu la nyuma hukaa juu yake, la mbele hubanwa, na pikipiki hufungwa mikanda. Injini ikishapata moto, mpimaji huingia gia ya juu na kufungua mafuta yote. Kwa kuwa uzito na ukubwa wa pipa vinajulikana, kompyuta ikiona limeongeza kasi upesi kiasi gani, inakokotoa nguvu iliyolisukuma. Msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa nyutoni mita 12 kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika ni kilowati 8.8, na hao ndio farasi 12 wa kitabuni, kila mmoja wati 735.5. (Yuko pia farasi wa Kiingereza wa wati 746. Ukimtumia yule mdogo, namba inaonekana kubwa.)

Basi farasi watatu wamekwenda wapi?

Kitabu huhesabu nguvu inayotoka kwenye kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni ndani ya injini. Pipa linapokea ya tairi, baada ya klachi, gia na cheni kuchukua chao, ambacho mara nyingi ni asilimia 10 hadi 15. Cheni iliyokauka hula zaidi. Ila mlaji anayesahaulika ni mwinuko. Sisi wa ziwani tukitazama maji tunajiona tuko chini kama watu wa Dar es Salaam, kumbe uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni karibu hektopaskali 885. Baharini ni 1,013. Kila pistoni inapovuta, silinda inapata hewa pungufu kwa takriban asilimia 12, na petroli haiungui bila hewa. Wale 12 wamebaki 10 na nusu kabla hata ya kufika kwenye gia. Kabureta nayo haina habari: humimina petroli kuliko hewa inavyohitaji, plagi inashika masizi. Jeti (kijitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta) iliyo ndogo kidogo itapunguza masizi hayo, lakini hewa iliyokosekana hairudi.

Hapa ndipo karatasi inapodanganya watu. Programu nyingi hurekebisha matokeo yafanane na ya usawa wa bahari, hivyo 9 inaweza kuchapishwa kama 10 na zaidi. Si wizi, ni kanuni, na inafaa ukilinganisha pikipiki iliyopimwa Mwanza na iliyopimwa Tanga. Uliza tu umepewa namba ipi.

Mimi hutazama mchoro wa karatasi hiyo, unaoonyesha nguvu kwa kila kiwango cha mizunguko, kabla ya namba. Mstari ukiwa mzuri kwenye mizunguko ya chini halafu ukaanguka mizunguko ikipanda, angalia kwanza chujio la hewa, hasa kwa pikipiki za barabara za vumbi. Mizunguko ikiruka huku pipa haliongezi kasi, klachi inateleza. Mstari wote ukiwa chini kuliko mwinuko unavyoeleza, hapo ndipo ringi na valvu zinapohusika, na kipimo cha mgandamizo wa silinda kitathibitisha. Pima mara tatu, upepo wa tairi ukiwa sawa.

Kama injini ni nzima na shida ni kupandisha Bugando na abiria, usikubali haraka silinda ichongwe. Sproketi ya nyuma (gurudumu la meno linalovutwa na cheni) yenye meno mawili zaidi itaongeza mvuto kwenye tairi kwa gharama ndogo. Utailipia kwenye tambarare ya kuelekea Usagara, ambako injini itapiga kelele zaidi kwa mwendo uleule.