Mfumo mpya umewaka, ripoti ziko wapi?

Chuo kikibadilisha mfumo wa usajili na fedha, data huhama. Ripoti hazihami. Wengi hushtuka wakisikia hivyo, maana kwao ni kitu kimoja: unabonyeza, karatasi inatoka. Kazi yangu katika vyuo vya Moshi na Arusha huanza siku mtu anapobonyeza na karatasi haitoki, au inatoka ikiwa na idadi ambayo msajili hawezi kuitetea mbele ya Seneti, kikao kikuu cha taaluma cha chuo.

Ripoti ya mfumo wa zamani ilikuwa ni amri za SQL (lugha ya kuulizia hifadhidata) alizoandika mtu fulani miaka hiyo, zikisoma majedwali ambayo mfumo mpya hauna. Ndani ya amri hizo kulikuwa na maamuzi. Aliyeahirisha mwaka ahesabiwe au asihesabiwe? Mwenye sapu, yaani mtihani wa marudio, yumo mwaka wa pili au bado ni wa kwanza? Aliyehama kozi Novemba ni wa idara ipi? Majibu yake hayamo kwenye waraka wowote. Yamo kwenye msimbo, na mengine kichwani mwa mzee aliyestaafu ambaye sasa anapalilia migomba yake Kibosho. Ukizima seva, yaani kompyuta kuu ya mfumo ule, umefuta kanuni za chuo bila kikao chochote kukaa.

Ndiyo maana ombi langu la kwanza ni kwamba seva ya zamani isizimwe. Ibaki ya kusoma tu, ndani ya mtandao wa chuo, mpaka mwaka mzima wa masomo upite, kwa sababu zipo ripoti zinazotoka mara moja kwa mwaka na hakuna atakayezikumbuka mwezi Machi. Kama leseni inaisha, basi nakala ya hifadhidata ichukuliwe pamoja na mafaili yote ya ripoti. Nakala hiyo ina majina, simu na alama za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaihusu kama inavyouhusu mfumo mpya. Si ya kutembea nayo kwenye flashi.

Baada ya hapo ni kupata orodha. Mifumo mingi hutunza kumbukumbu ya nani alichapa nini na lini, na hapo hugundulika kwamba ripoti nyingi ni ileile moja, iliyotengenezwa upya kwa kila mkuu wa idara aliyetaka safu ya jinsia ikae mbele. Zinazobaki huziulizia kwa makatibu muhtasi, ambao wanakijua chuo kuliko wakuu wake.

“Shikamoo mama. Hii unampelekea nani?”

“Marahaba. Naipeleka taaluma kila muhula.”

“Wanaifanyia nini?”

“Mwanangu, hilo kawaulize wenyewe.”

Nikiwauliza, mara nyingi hawaifanyii chochote. Hiyo haijengwi tena. Zinazopona ni za Bodi ya Mikopo, za Tume ya Vyuo Vikuu, za wakaguzi wa hesabu, za Seneti na transkripti, na hapo ndipo kazi ilipo.

Chukua ripoti ya madeni. Mkaguzi anakuja Oktoba na kuuliza wanafunzi walikuwa wanadaiwa kiasi gani Juni 30, siku chuo kilipofunga hesabu. Mfumo mpya unaonyesha deni la leo. Ule wa zamani ulikuwa unajumlisha miamala hadi tarehe uliyoitaja, lakini wakati wa kuhama, mara nyingi huletwa baki moja tu kwa kila mwanafunzi, na tarehe yake ni ya siku ya kuhama. Historia haipo. Mwanafunzi akija na risiti ya benki akiuliza kwa nini anadaiwa laki nne, mhasibu anabaki na namba isiyo na maelezo. Ripoti hii hulazimika kujengwa kutoka sehemu mbili: miamala ya zamani hadi siku ya kuhama, na ya mfumo mpya kuanzia hapo. Baki linalinganishwa mwanafunzi kwa mwanafunzi. Jumla kuu kulingana si ushahidi, kwani aliyelipa zaidi humficha aliyepunguza. Halafu kuna suala la tarehe. Fedha iliyolipwa kwa kontroo namba Juni 29 inaweza kuingia kwenye mfumo Julai 2. Ukichagua tarehe tofauti na ile iliyotumiwa zamani, umeyahamishia mapato hayo mwaka mwingine wa fedha bila kujua.

Idadi ya wanafunzi nayo ina mtego wake. Mtu anaunganisha jedwali la wanafunzi na la malipo ili apate ripoti moja nzuri, na ule muunganisho unamtupa nje kila ambaye hana malipo. Wale ambao ada yao inasubiri fedha za Bodi wanatoweka, na ripoti ya wanafunzi wote imekuwa ya waliolipa. Upande mwingine, aliyelipa kwa awamu tatu anaonekana mara tatu. Idadi ya mwisho inaweza hata kukaribiana na ya mwaka jana, na mtu akashukuru Mungu na kusaini.

Bodi ya Mikopo inamtambua mwanafunzi kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, wakati chuo kinamtambua kwa namba ya usajili, ambayo inaweza kubadilika akihama kozi. Mfumo mmoja huandika namba ya mtihani kwa mikwaju (/), mwingine kwa nukta, na kompyuta haioni kuwa ni mtu yuleyule. Ila kosa ninaloliogopa zaidi ni la alama tupu. Mwanafunzi hakufanya mtihani kwa ruhusa ya hospitali, sehemu ya alama ikaachwa wazi, na katika kuhama ule uwazi ukawa sifuri. GPA, yaani wastani wa alama zake, inashuka, matokeo yanakwenda Bodi yakisema amefeli, bumu, yaani fedha za kujikimu, linasimama. Yote hayo kwa sababu ya kisanduku kimoja.

Wauzaji wa mifumo hupenda kuonyesha dashibodi zenye miduara ya rangi. Sina ugomvi nazo, ila Seneti haisaini duara. Inasaini jedwali, na jedwali hilo likichapwa tena mwakani lazima litoke vilevile.

Kujua kama ripoti mpya imefika, nachukua muhula uliokwisha fungwa na kuitoa ripoti kwenye mifumo yote miwili, kisha nalinganisha jina kwa jina. Kila tofauti iandikiwe sababu na msajili aisaini. Wakati mwingine ni ya zamani iliyokuwa na kasoro. Hapo vijana wa TEHAMA hutaka kusahihisha kimyakimya, nami hukataa: takwimu zilishapelekwa serikalini, kwa hiyo marekebisho yaonekane kwenye mstari wake, yakiwa na tarehe.

Transkripti, yaani nakala rasmi za matokeo, sishauri zijengwe upya kwa waliokwisha hitimu. Hapa Moshi vyuo vimebadilika hadhi. Mwaka 2014 Chuo cha Ushirika, kilichokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine tangu 2004, kikawa chuo kikuu kamili, na chuo cha Mwenge nacho kikatoka chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Mhitimu wa kabla ya hapo ana shahada ya chuo mama, na mfumo mpya uliowekewa nembo moja tu hauwezi kulijua hilo. Za zamani zichapwe zote kwa mfumo wa zamani ungali hai, ziwe mafaili ya PDF, zikabidhiwe kwa msajili na kila faili lipewe namba ya usajili ya mwenyewe.