Kivinjari Kikitekwa, Kagua Faili la Hosts

Unaandika anwani ya benki yako herufi kwa herufi bila kukosea, na bado unatua kwenye ukurasa wa matapeli. Wengi hapo hukilaumu kivinjari. Hukiondoa, hukisakinisha upya, na tatizo hubaki palepale. Huenda kisa kiko kwingine.

Kompyuta huwasiliana kwa anwani za IP, yaani namba, si kwa majina. Kabla ya kuziuliza seva za DNS, mfumo wa kutafsiri majina kuwa anwani, jina fulani lina anwani gani, kwa kawaida husoma kwanza faili dogo la maandishi liitwalo hosts. Faili hili lina asili ya kale kuliko DNS, iliyobuniwa mwaka 1983. Kabla ya hapo, kompyuta za ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, zilitegemea orodha moja ya majina iliyosambazwa kwa wote. Faili la hosts linachosema ndicho kompyuta hufuata. Kwa hiyo programu hasidi ikiongeza mstari mmoja tu humo, jina la benki yako linaelekea kwa mhalifu. Nyingine huyaelekeza majina ya kampuni za antivirasi kwenye 127.0.0.1, yaani kompyuta yenyewe, ili usipate masasisho.

Kwenye Windows, faili liko C:\Windows\System32\drivers\etc. Kwenye macOS na Linux ni /etc/hosts. Lifungue kwa haki za msimamizi. Mistari inayoanza na # ni maelezo tu. Shuka hadi mwisho kabisa, kwa sababu wahalifu hupenda kuacha nafasi tupu ndefu ndipo waandike yao. Ukikuta jina la benki au la barua pepe ambalo wewe wala fundi wako hamkuliweka, futa mstari huo, kisha ichunguze kompyuta yote kwa antivirasi. Programu hasidi iliyouandika bado inaweza kuwa ndani.

Faili hilohilo ni kinga nzuri. Andika 0.0.0.0, anwani isiyoelekea popote, acha nafasi, kisha jina la tovuti unayotaka kuizuia. Jina lenye www na lisilo nayo huhitaji kila moja mstari wake. Angalia pia Notepad isilihifadhi kwa jina hosts.txt, maana halitafanya kazi. Kwenye Windows, malizia kwa kuandika kwenye Command Prompt amri ya ipconfig /flushdns, ili kompyuta isahau anwani ilizokumbuka.

Zipo orodha ndefu za kuzuia tovuti hasidi zinazogawiwa bure. Zinafaa, ila zisome kabla ya kuzibandika: mstari wa kuzuia huanza na 0.0.0.0 au 127.0.0.1. Ukiona jina la tovuti limepewa anwani nyingine ya IP, achana na orodha hiyo.

Kinga hii haigusi viendelezi vibaya, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, wala ukurasa wa mwanzo uliobadilishwa. Hivyo viondoe kwenye mipangilio ya kivinjari. Na kivinjari kikikuonya kwamba cheti cha tovuti ya benki, yaani kitambulisho chake cha kidijitali, hakilingani na jina lake, usibonyeze kuendelea. Funga ukurasa, usiandike nywila, ukakague hosts.