Mapambo ya Sikukuu, Paka na Mbwa wa Nyumbani: Maswali Kutoka Chumba cha Kufungia Vidonda

Desemba inapoingia na mapambo ya Kariakoo yakaanza kuning'inizwa sebuleni, hapa Dar es Salaam tunapokea watu walioumwa na wanyama wanaowafuga wenyewe. Kuumwa ni ajali, wala hatumlaumu mtu kwa ajali. Kinachotusumbua, kwa sababu ya hatari ya kichaa cha mbwa, ni kwamba wengi hufika siku kadhaa baadaye, sikukuu ikiwa imekwisha na kidonda kimepakwa kila kitu isipokuwa sabuni.

Mapambo yanahusiana vipi na kuumwa?

Paka huvutiwa na nyuzi zinazong'aa na vitu vinavyobembea kwenye matawi ya mvinje, na mbwa mdogo anayeota meno hutafuna waya wa taa kama anavyotafuna kandambili. Mtoto akiona hivyo hukimbilia kumpokonya, na mnyama aliyeshtuka hung'ata mkono ulio karibu. Ongeza hapo wageni asiowafahamu, muziki mkubwa na fataki za usiku wa mwaka mpya, na hata mbwa mpole hubadilika kwa hofu. Mapambo yaning'inizwe juu asikoweza kufika, waya zipitishwe nyuma ya samani, na mnyama awekewe chumba tulivu chenye maji wageni wakija.

Paka amemeza utepe na ncha yake inaning'inia mdomoni. Niuvute?

Usiuvute. Utepe uliokwisha kuingia tumboni ukivutwa unaweza kuukunja utumbo na kuukata, nawe utang'atwa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Kwa mbwa aliyeuma waya wa taa, zima swichi ya ukutani kabla ya kumgusa.

Kichaa cha mbwa ni nini?

Ni ugonjwa wa virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa, vikaingia kwa kung'atwa, kukwaruzwa au mate kugusa mchubuko, kisha vikasafiri kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Dalili mara nyingi huchelewa miezi miwili au mitatu. Zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa, na hakuna hospitali yenye tiba ya kumponya. Chanjo hufanya kazi kabla ya dalili.

Lakini huyu ni mbwa wetu, hatoki nje ya geti.

Hili ndilo jibu tunalolisikia kuliko yote, na ndilo linalotutisha. Mbwa asiyetoka getini hutembelewa na paka wa jirani anayeruka ukuta, na geti hilo hilo hushinda wazi siku nzima ya Krismasi wageni wakiingia na kutoka. Upendo wenu kwake haumkingi na virusi. Kama amechanjwa, chukua kadi yake uje nayo, na mtoa huduma ndiye aamue. Usiamue wewe ukiwa nyumbani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na kama ni mkwaruzo mdogo tu, tena wa paka?

Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Paka naye huambukiza kichaa cha mbwa. Isitoshe, jino lake ni jembamba, huacha tundu dogo linalofunga juu huku vijidudu vikibaki ndani, na mkono unaweza kuvimba kabla ya kesho yake.

Nianze na nini nikiwa nyumbani?

Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, ukitazama saa, kwa sababu dakika 15 ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Bomba likiwa kavu, kama tunavyojua hali ya maji katika mitaa yetu, mtu mmoja amimine kwa kata kutoka kwenye ndoo na mwingine aoshe. Kisha nenda hospitali.

Tunaomba, kwa heshima zote kwa wazee wetu, kwamba pilipili, mafuta ya taa, kitunguu, dawa ya meno na manyoya ya mbwa yaliyochomwa yasiwekwe kwenye kidonda. Hakuna hata kimoja kinachoua virusi hivi. Vinaunguza nyama na kumpa mgonjwa moyo wa kukaa nyumbani. Usikifunge kwa nguvu, na usikubali kishonwe mtaani.

Tunaweza kusubiri sikukuu ipite?

Hapana. Huduma za dharura hazifungwi kwa Krismasi wala Idi. Chanjo hii haipatikani katika kila zahanati, kwa hiyo ukielekezwa hospitali kubwa kama Amana, Temeke au Mwananyamala, nenda wakati huo huo, usirudi kwanza nyumbani kupakua pilau. Kama siku zimekwisha kupita, usikae ukihesabu umechelewa kiasi gani, nenda leo.

Ni kweli sindano hupigwa tumboni?

Hiyo ni habari ya zamani. Siku hizi huchomwa mkononi, kwa kawaida siku ya kuanza, siku ya 3 na siku ya 7, na katika baadhi ya ratiba huongezwa dozi nyingine baadaye. Jeraha la kutoa damu linaweza kuhitaji pia dawa ya kinga inayodungwa kuzunguka kidonda, na utaulizwa kuhusu chanjo ya pepopunda.

Mbwa aliyeuma auawe?

Asiuawe wala asifukuzwe. Afungwe mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10, na afisa mifugo wa kata ajulishwe. Chanjo yako ianze huku mbwa akiangaliwa. Akibaki mzima siku zote hizo, daktari anaweza kuisimamisha. Akifa au akitoroka, toa taarifa mara moja, na mzoga usishikwe kwa mikono mitupu.

Nimeanza sindano, lakini tuna safari ya Moshi kwa ajili ya Krismasi.

Safiri na kadi yako ya chanjo, na kabla ya kupanda basi uliza ni hospitali gani ya huko yenye chanjo, kisha dozi inayofuata uipate tarehe iliyoandikwa. Foleni au safari ikikuchelewesha siku moja au mbili, huhitaji kuanza upya. Endelea na dozi iliyokuwa imebaki mara tu unapofika.